Aliye Mbali Haambiwi Ugonjwa

Nimezipanga barua hizi kwa tarehe zilizoandikwa, si kwa tarehe ziliponifikia. Nikizipanga zilivyonifikia, mimi naonekana mtu asiye na kosa, na sitaki uongo huo. Mwaka 1992 nilihamia Kazakhstan, nchi ya kabila letu. Dada yangu Shinai alibaki na mifugo magharibi ya Mongolia, tulikozaliwa sote. Barua huchukua mwezi mzima, wakati mwingine zaidi. Nyingine hapa hazikuandikwa kwangu. Shinai alinitumia baadaye. Tahajia nimesahihisha mahali pachache, maana nilikuwa mwalimu miaka thelathini na mkono haujasahau. Maneno sikuyagusa.

Tileuhan

*

Ulgii, hospitali ya mkoa, 6 Septemba 1994

Mama,

Nimepigwa picha ya kifua. Daktari aliibandika kwenye kioo cha dirisha akaniita nitazame mwenyewe. Pafu la kulia lina kitu cheupe cha duara, laini pembeni kama yai, ila yai lenyewe ni kubwa kama kichwa cha mwana-kondoo. Nikamwuliza, "Ni kifua kikuu?" Akasema, "Ningefurahi kingekuwa kifua kikuu. Dawa zake ninazo."

Ni mfuko wa maji, Mama. Ile ile mifuko tunayoiona kwenye mapafu na maini tukichinja, ambayo sisi huikata na kumtupia mbwa. Daktari anasema ndipo mzunguko ulipo. Mbwa anakula mfuko, minyoo inakua tumboni mwake, mayai yake yanatoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya, nasi tunampapasa kisha tunamega mkate. Nikamwambia nilipokuwa mdogo nililala nimemkumbatia mbwa majira yote ya baridi. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Dawa yake ni kisu, na kisu kiko Ulan Bator. Ndege hazina mafuta, na wanaongoja ni wengi. Wataniita zamu yangu ikifika, labda Novemba. Mpaka hapo nisipande farasi, nisibebe ndoo, nisigongwe wala kubanwa kifua. "Una yai lisilo na ganda," alisema. "Likipasukia humo ndani, maji yake ni sumu kwako."

Je, nimwandikie Mjomba?

Makpal

*

Akbulak, 11 Septemba 1994

Makpal, kipenzi cha mama yako,

Barua yako nimeisomea nyuma ya zizi ili Bibi yako asisikie karatasi. Macho yake yamezima lakini masikio yanasikia nyasi zikiota. Yeye hataambiwa. Ukimwambia ataanza kukulilia ukiwa hai, na kilio cha namna hiyo ni mwaliko.

Mjomba wako ndiyo kabisa. Aliye mbali haambiwi ugonjwa, anaambiwa kupona. Afanye nini na habari hiyo huko aliko? Moyo wake umemshtua mara mbili tangu amzike mkewe. Mwandikie una mafua ya kunyoa kondoo. Siku utakayokwenda kwake kusoma utamwonyesha kovu, mtacheka, naye atanitukana kwa barua ndefu yenye nukta na mkato kila mahali pake.

Mbwa nimemfunga mbali. Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa.

Njoo nyumbani ungojee zamu. Ndoo nitabeba mimi.

Mama yako

*

Karibu na Almaty, 9 Oktoba 1994

Shinai mdogo wangu, na mama mkwe wako mheshimiwa, na nyote mnaosikiliza,

Assalaam alaikum. Hapa matufaa yamekwisha kuvunwa. Mimi bado naamka nikitega sikio kama mto umeganda, na hapa hakuna mto, kuna mfereji. Huko niliitwa Mkazaki kila nilipoingia ofisini. Hapa, kwa Wakazaki wenzangu, naitwa Mmongolia. Silalamiki; naandika tu mambo yalivyo.

Makpal ameniletea mistari saba. Wa sita unasema anakohoa, "mafua ya kunyoa kondoo". Mnadhani nimesahau? Kondoo hunyolewa Juni. Kikohozi cha tangu Juni si mafua tena. Ni baridi iliyoingia kifuani ikajenga. Msimpeleke hospitali akashike ugonjwa mwingine. Nasikia sasa hazina hata sindano.

Mwaka niliotumbukia mtoni, wewe Shinai hujazaliwa, nilikohoa hivyo hivyo miezi mitano, na mama yetu akaniponya kwa siku moja. Fanyeni kama yeye. Mchinjwe kondoo mweusi aliyehasiwa, mnene. Ngozi itolewe upesi ikiwa bado na moto wake. Mgonjwa avue nguo, azungushiwe upande wa nyama ukiwa ndani. Kaza mikanda miwili, mmoja juu ya matiti, mwingine chini ya mbavu, mpaka asikie ngozi inamkumbatia. Mfunikeni mablanketi ya sufu, mnywesheni supu ya mkia. Akae humo kwa muda wa nyama kuiva.

Atapinga. Vijana hupinga. Msimsikilize.

Nafasi yake katika chuo cha ualimu nimekwisha kuiombea. Anangojewa Septemba ijayo, na kifua chake kizima.

Kaka yako, Tileuhan

*

Ulan Bator, 4 Desemba 1994

Mama,

Ulikuta sipo uliporudi kutoka Ulgii, na najua kila mtu amekusimulia lake. Nakusimulia langu.

Siku ya tatu tangu uende kuulizia ndege, lori la barua lilipita. Barua ya Mjomba aliisoma Baba Mdogo Dauken mbele ya Bibi, mara mbili. Bibi akasema, "Mchinje yule mweusi." Nikasema, "Bibi, mimi ni mzima." Akasema, "Mjomba wako kasoma vitabu vingi kuliko mawe ya mlima huu, nawe wabisha? Tangu lini mbuzi akamwonyesha mchungaji njia?" Nikamtazama Baba Mdogo, naye keshanoa kisu. Kisha, "Ingia tu, binti," akasema, "kondoo amekwisha kufa kwa ajili yako, humwonei haya?" Wakacheka wote. Hata mimi.

Nilikuwa na neno moja la kujiokoa, Mama, nawe ulinikataza kulisema. Nilifikiri: nikilisema Bibi ataanguka hapa hapa, nawe utarudi umkute. Nikafikiri tena: ni ngozi tu. Joto haliui mtu.

Ilikuwa moto kweli, na nzito. Mkanda wa kwanza niliuvumilia. Wa pili Baba Mdogo aliukaza kwa goti, kama anavyokaza tandiko, maana barua ilisema mpaka ngozi inikumbatie. Nikakohoa. Kitu kikaachia ndani, kama barafu ya mto inavyoachia Aprili, bila maumivu. Kisha mdomo ukajaa maji. Ya chumvi, Mama, meupe kama ya chemchemi, yakija na kuja, pamoja na vipande vya utando kama wa yai la kuchemsha. Bibi aliposikia yakimwagika alipiga makofi. "Unatoka! Ugonjwa unatoka!" Baada ya hapo mwili mzima ukawasha na kuvimba, koo likafunga. Lori silikumbuki. Ndege siikumbuki.

Daktari wa upasuaji ni mwanamke, anaitwa Dulmaa. Aliuliza nani alinibana kifua. Nikasema nilianguka kutoka kwenye farasi. Akasema, "Farasi gani huyo mwenye mikanda miwili?" maana alama bado zipo.

Kitanda cha pili yuko Mama Tsend, wa Gobi. Mfuko wake ulitolewa mzima wiki iliyopita. Daktari anakata mpaka auone mfuko, kisha mtu wa dawa ya usingizi anasukuma pumzi taratibu, na pafu lenyewe linausukuma nje, naye anaupokea kwa bakuli. "Nimejifungulia mbavuni," Mama Tsend anamwambia kila anayepita, "na safari hii sikuhitaji mume!" Wauguzi wanamkanya, akicheka anaumia, akiumia anatukana, wodi nzima inakohoa kwa kicheko.

Wangu, Daktari anasema, hauwezi kuzaliwa tena. Shimo limeingia usaha. Kila jioni nina homa. Wanangoja ishuke ndipo wanikate.

Bibi asijue. Mjomba hata kidogo.

Makpal

*

Akbulak, 12 Desemba 1994

Kaka,

Tulifanya ulivyoandika. Alitoka jasho jingi, akapumua vizuri. Mama mkwe anakuombea dua kila sala. Makpal amekwenda kwa ndugu zetu wa mjini kidogo, usishangae asipoandika.

Theluji ni nyingi mwaka huu.

Shinai

*

Ulan Bator, 3 Januari 1995

Bi Shinai,

Binti yako aliniomba nisiandike. Naandika kwa sababu ana miaka kumi na tisa na wewe ndiye mama.

Tarehe 27 Desemba nilimfungua kifua upande wa kulia. Mfuko wa ukubwa ule ukija mzima ni kazi ya saa moja na nusu, na mgonjwa huenda kwake baada ya majuma mawili. Wa binti yako ulikuja umepasuka na kuoza. Nilizungushia kidonda vitambaa vya maji ya chumvi kali, kwa sababu tone likimwagika pembeni huotesha mifuko mingine. Nilitoa utando uliobaki, nikaosha, nikashona matundu sita yanayovuja hewa, nikaanza kuliziba shimo kwa nyuzi, tabaka juu ya tabaka. Nyama ya pafu ilikuwa imelegea kama ini lililochemshwa. Uzi ulikuwa unaikata.

Sasa ana mirija miwili. Mmoja unatoa mapovu kila akikohoa, maana yake baadhi ya matundu yamefunguka tena. Nitangoja majuma sita. Yasipojifunga itanibidi niondoe sehemu ya chini ya pafu. Kwa mtu mwenye nguvu hiyo ni kazi ya kawaida. Yeye ana kilo thelathini na tisa.

Umeme hukatika, dawa huja kwa vipindi. Siwezi kuahidi nisichokuwa nacho. Ukiweza kuja, njoo.

Hakuna farasi aliyefanya vile, na sihitaji jina la mtu. Ila watu wa nyumbani kwako waambiwe: mfuko wa maji haukandwi, haubanwi. Na wote wanaoishi na mbwa huyo wapigwe picha.

Dulmaa, daktari wa upasuaji

*

Karibu na Almaty, 20 Januari 1995

Shinai,

Barua yako ya Desemba imefika leo, nami nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale posta. Mistari mitano! Hata telegramu huwa na maneno zaidi. Lakini umeniletea nilichokitaka.

Unajua, hapa sina kazi ya maana. Wazee wenzangu hucheza karata. Mimi huwasomea magazeti, nao husinzia. Nilidhani nimekwisha kuwa mtu asiyehitajika na yeyote. Leo nimewaambia wote: mpwa wangu alikuwa mgonjwa mwendo wa mwezi mzima kutoka hapa, nami nimemponya kwa kalamu. Mmoja alisema, "Basi niandikie barua goti langu." Tulicheka sana.

Mwambie Makpal nimenunua kitanda cha chuma. Nimekiweka dirishani, upande wa miti.

Kaka yako

*

Ulan Bator, 13 Februari 1995

Mama,

Keshokutwa wananikata tena. Najua njia imefungwa, usijilaumu. Mama Tsend amekwenda kwao. Ameniachia soksi za sufu ya ngamia na matusi yake yote.

Daktari amenichorea pafu kwa chaki sakafuni. Upande huu lina vyumba vitatu, naye atafunga kimoja. "Utaishi na viwili," alisema. "Watu wanaishi na nusu akili na wanapewa vyeo." Anatania akiwa na hofu. Nimemjua sasa.

Nimefikiri juu ya Mjomba. Asijue kwa karatasi, Mama. Nikifika kwake nitakaa, nitakunywa chai, ndipo nimwambie mwenyewe, huku ananiona nimekaa hapo nakula mkate wake. Vinginevyo itamuua.

Theluji ikipungua, njoo na maandazi yako. Chai ya hapa ni maji yaliyopita karibu na jani.

Makpal

*

Karibu na Almaty, 2 Aprili 1995

Shinai,

Jumatano walikuja wazee watano wa ukoo wetu. Walivua kofia mlangoni, hakuna aliyenitazama usoni, na chai niliyomimina haikuguswa. Unajua maana yake. Nami nimewahi kwenda kwa wengine vivyo hivyo, kupeleka habari ya msiba. Mkubwa wao akaanza, "Tai akirushwa kuwinda, si kila siku hurudi mkononi..." Nikamwambia, "Mwache ndege, bwana. Nani?" Akasema Makpal. Nikauliza lini. Februari. Nikauliza kwa nini. Kifua.

Kwa hiyo Machi yote nilikuwa nikimpangia mtu aliyekufa atakaa wapi.

Sasa nakuuliza kama mwalimu, maana kama ndugu siwezi. Tarehe 12 Desemba uliniandikia kwamba alitoka jasho akapumua vizuri. Mtu aliyepona kifua Desemba hafi kwa kifua Februari. Hesabu hii ina mstari uliofutwa katikati. Nitumie karatasi zote, hata zisizonihusu. Usinionee huruma, Shinai. Huruma mmenilisha ya kutosha.

Tileuhan

*

Akbulak, 5 Mei 1995

Kaka,

Zote ni hizi. Zisome umekaa.

Mimi nilifika Ulan Bator tarehe 18. Theluji iliizuia ndege siku nne. Alikufa tarehe 16, siku moja baada ya kukatwa. Daktari alinishika mkono akasema pafu lilikubali, mwili ndio uliochoka. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, kafika begani kwangu tu. Wakazaki wanaochimba makaa karibu na mji huo walinisaidia, tukamzika kule kule.

Utakapofika kwenye barua yako ya Oktoba utaisoma kama hukumu. Isome, lakini uiweke kando ya yangu ya Septemba. Wewe ulitibu mafua kwa sababu mimi nilikupa mafua. Dauken alikaza kwa sababu uliandika kaza. Binti yangu alinyamaza kwa sababu nilimwambia nyamaza. Nimemtafuta mtu mbaya ndani ya nyumba hii, Kaka, nimemkosa. Ningempata ningelala.

Sasa kuna jambo. Mama mkwe hajui. Nilipoingia mlangoni peke yangu akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Dauken akaniwahi: "Amekwenda kwa mjomba wake kusoma." Akainua mikono akashukuru. Tangu siku hiyo kila lori likipita anauliza barua. "Nilimtoa ugonjwa kwa mikono yangu hii," anasema, "halafu ananinyima hata mstari? Muulizeni kama bado anakohoa. Muulizeni nani anamsuka nywele." Majirani wote wanajua, wote wanamwambia posta ni mbovu.

Nilijaribu kumsomea karatasi tupu. Mstari wa pili sauti ilikatika, nikasema moshi. Tena hadanganyiki: hushika bahasha, hupapasa stempu. Za huko kwenu anazijua kwa vidole.

Stempu unazo wewe. Na wewe ndiye uliyemfundisha kuandika, unajua anavyosema. Siwezi kulitamka ninalokuomba.

Shinai

*

Karibu na Almaty, 11 Juni 1995

Shinai,

Nimesoma zote. Nimeiweka ya Oktoba kando ya ya Septemba kama ulivyotaka. "Kaza" bado ni neno langu.

Kwa ulichoniomba nilikaa siku tisa na karatasi tupu. Nilidhani nashindwa kwa kuwa ni uongo. Sivyo. Kila sentensi ilikuja na sauti yake, nami sikutaka kufika mwisho.

Imo humu. Asome Dauken, si wewe. Akitaka nyingine, nitaandika nyingine.

Kaka yako

*

Almaty, 11 Juni 1995

Bibi yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua za huku zinatembea kwa miguu, tena zina magoti ya Bibi mwenyewe.

Umeuliza kama nakohoa. Sikohoi tena, Bibi. Nywele nasuka mwenyewe, vibaya. Ungezishika ungezifumua zote uanze upya. Mkate wa hapa ni mweupe na haushibishi. Nje ya dirisha langu kuna matufaa, bado ni machungu, nimekula mawili kwa siri. Mjomba ni yule yule, hata nikimwamkia ananisahihisha. Sasa hivi amekaa hapa ninapoandika. Amezeeka kuliko alivyokuwa.

Siku ile ya ngozi nilikubishia mbele ya watu. Usiliweke moyoni. Najua ulitaka niishi.

Nitakapoandika tena sijui, masomo ni mengi. Usingoje kila lori, utapata baridi mlangoni.

Mjomba anakusalimu. Anasema nikuandikie kwamba ulifanya vile vile alivyoagiza, hukuzidisha wala hukupunguza.

Mjukuu wako,
Makpal